Detekta mpya, kelele shamba zima: uchambuzi wa kisa kimoja cha setingi

Kisa ni cha jamaa mmoja aliyetoka kwenye detekta ya kawaida kabisa ya kutafutia metali ardhini, ile ya batani chache na toni tatu, akahamia kwenye Minelab Equinox 800, na haikupita muda akaanza kusema mashine ni mbovu. Shamba ni lilelile analolijua miaka yote, upande mmoja kuna mahame, nyumba zilishabomoka zamani zikabaki misumari na vigae, upande wa pili inapita laini ya umeme, katikati ni udongo mwekundu wa kulima. Na detekta ya zamani alikuwa anatembea humo ametulia, mlio unakuja mojamoja, anachimba, anapata sarafu au kifungo cha nguo cha zamani. Ile mpya ikiwashwa tu ni vurugu, milio inapanda inashuka, namba za kwenye skrini zinazokisia ni kitu gani zinaruka kutoka -6 mpaka 38 halafu zinarudi, akichimba anatoa msumari, akichimba tena hakuna kitu, shimo tupu.

Nakichambua kwa kirefu kwa sababu karibu kila anayetoka mashine rahisi kwenda mashine ya menyu anapita humohumo, na ushauri anaopewa ni "ongeza hii, punguza ile" bila mtu kuuliza kelele yenyewe inatoka wapi.

Tulipofungua menyu tukakuta hivi: sensitiviti, yaani ukali wa masikio ya mashine, iko 25, ambayo ndo mwisho wake. Rikavari spidi, kasi ya kumaliza kitu kimoja na kuwa tayari kwa kingine, iko 2. Aironi bayasi, jinsi mashine inavyoegemea kukiita chuma kitu chenye shaka, iko 0. Toni ni zile 50. Kile kibatani chenye alama ya kwato ya farasi kimebonyezwa, maana yake mashine haichuji chochote, kila chuma kinapewa sauti. Na kubalansi udongo, yaani kuifundisha mashine iipuuze ardhi yenyewe, hakujaguswa, iko 0 kama ilivyotoka kiwandani. Nikamuuliza hizi umezitoa wapi, akasema sensitiviti alishauriwa na mtu kwamba ndo inaleta kina, rikavari ya chini alishauriwa na mwingine kwamba nayo inaleta kina, aironi bayasi 0 kwa sababu kuna mtu anawinda kwenye misumari mitupu na anasema ndo siri yake, kwato ya farasi kwa sababu "wazoefu hawachuji". Yaani kila setingi ilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe huko aliko kwenye udongo wake inamfaa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na setingi zote tano kwa pamoja, hiyo mchanganyiko aliutunga yeye bila kujua.

Sasa kabla ya kugusa kitu tujiulize, kwa nini ile ya zamani ilikuwa kimya? Shamba ni lilelile na misumari ni ileile. Jibu ni kwamba ile ya zamani ilikuwa inanyamaza kwa niaba yake. Ilikuwa imebalansiwa udongo kiwandani mara moja na basi, inachuja chuma kwa nguvu, na mlio dhaifu au uliokatika inaumeza haikuambii. Kwa hiyo alikuwa anasikia vitu vile vilivyo wazi tu, vilivyokaa peke yao, na hivyo kwenye shamba hilo alishavimaliza karibu vyote. Mashine ya juu inakuletea mpaka minong'ono, halafu kazi ya kuchagua inakuachia wewe, ndo maana mtu anahisi imekuwa mbaya kuliko ya mwanzo.

Kitu cha kwanza tulichofanya ni kufuta zote. Kwenye Equinox ukiwa umeizima unashikilia batani ya kuwashia mpaka skrini ikuandikie FP, hapo imerudi kiwandani. Watu wengi wanaona kurudi kiwandani ni kama kushindwa, mi naona ni kupata sehemu ya kusimama, maana ukiwa na setingi tano ulizozisogeza kwa mpigo huwezi kujua ni ipi inayokuumiza. Ikarudi Park 1, moja ya modi zilizopangwa kiwandani kwa aina ya eneo, sensitiviti 20, rikavari 5, balansi ya udongo 0.

Halafu tukaisikiliza kwa namna tatu, na hapa ndo pa kukaa sana kwa sababu ndo ufunguo wa kisa chote.

Namna ya kwanza, koili, ile sahani ya chini inayopepewa juu ya ardhi, imenyanyuliwa kiunoni, imetulia, haitikiswi hata kidogo. Kama inapiga kelele hapo, kelele hiyo haiwezi kuwa ya udongo wala ya msumari, hakuna kitu inachopita juu yake. Hiyo ni ya umeme wa hewani: laini za umeme, minara, simu iliyo mfukoni, au detekta ya mwenzako aliye karibu. Upande wa laini ya umeme ilikuwa inapiga kweli, tukageuza koili ikae wima kelele ikabadilika, na hiyo nayo ni dalili kwamba ni ya hewani, maana koili inapokea kama antena, mwelekeo wake una maana. Tukatoka mbali na laini ikapungua lakini haikuisha, na hapo ndo ikagundulika ana simu mfukoni upande uleule anaoshikia mashine na intaneti iko hewani, ikawekwa kwenye begi pembeni ya shamba. Kisha tukafanya noizi kanseli: koili imetulia, unaiambia isake, inapitia chaneli zake 19 kuanzia -9 hadi 9, inachagua iliyo tulivu zaidi. Kama kuna mtu mwingine mwenye detekta shambani naye awe ameshawasha yake kwanza, la sivyo unasaka utulivu ambao utavunjika akiwasha. Na usakie sehemu utakayowindia, sio getini.

Namna ya pili ni kupandisha na kushusha koili juu ya kipande cha ardhi ambacho umehakikisha hakina chuma. Hapo unasikiliza udongo wenyewe. Udongo ukiwa na madini ya chuma ya aina ya sumaku unarudisha ishara kubwa kuliko ya sarafu mara nyingi sana, na mashine inatakiwa iambiwe "hii ndo ardhi, iondoe". Yetu kila koili ikikaribia chini ilikuwa inaguna. Watu huangalia rangi, wanasema udongo mwekundu basi una madini, lakini rangi haitoshi, kuna mwekundu mpole na kuna mweusi wa hatari, kipimo ni hiyo panda-shuka. Tukaingia kwenye grauni balansi, yaani kule kubalansi udongo, unashikilia ile batani ya kukubali na kukataa huku unapandisha na kushusha, namba inatembea, ikaja ikatulia kwenye sitini na kitu. Kutoka 0 hadi sitini na kitu, wakati kipimo chote ni -9 hadi 99! Yaani muda wote alikuwa anawinda na mashine inayoona ardhi yenyewe kama kitu. Baada ya hapo ile kuguna ikaisha, na hapohapo vurugu kama nusu ikapotea kabla hatujasogeza setingi nyingine yoyote kutoka pale kiwandani.

Kuna waliouliza kwa nini asiweke traking, ile ambayo mashine inajibalansi yenyewe inavyotembea. Kwenye shamba ambalo udongo unabadilika kila hatua chache inafaa, lakini huyu udongo wake ni mmoja shamba zima, na ukirudiarudia koili juu ya kitu kimoja dhaifu traking inaweza kuanza kukizoea kama vile ni sehemu ya ardhi. Kwa mtu anayejifunza kusikiliza mi ningemwambia aache, abalansi kwa mkono, na arudie akiona kuguna kumerudi.

Namna ya tatu ndo kupepea kawaida, kushoto kulia na kurudi kwa sekunde mbili tatu hivi. Kilichobaki kupiga kelele hapo, baada ya umeme na udongo kuondolewa, ni vitu vya kweli vilivyomo ardhini. Vingi ni misumari lakini ni vitu. Ukishafika hapo ndo una haki ya kuanza kuongelea rikavari na bayasi, kabla ya hapo unatibu ugonjwa ambao huujui.

Nikumbushe tu kwamba hili la mazingira kuiharibia mashine lina historia ndefu. Mwaka 1881 rais wa Marekani James Garfield alipigwa risasi, ikawa haionekani imekaa wapi mwilini, Alexander Graham Bell akaja na kifaa chake cha kutafutia metali, kikashindwa. Kifaa kilikuwa kinafanya kazi, ila mgonjwa alikuwa amelala kwenye godoro la springi za chuma, na daktari wake alimruhusu Bell apime upande mmoja tu wa mwili, ambao risasi haikuwepo. Springi zile ni sawasawa na mahame ya huyu jamaa.

Turudi kwenye sensitiviti maana hili ndo lililomkaa kichwani kuliko yote. Alikuwa anaamini 25 ni kina na 18 ni juujuu. Hesabu yenyewe iko hivi: mashine inatuma nguvu ya sumaku chini, na ukishatoka mbali kidogo na koili nguvu hiyo inapungua kwa mchemraba wa umbali, kitu kikiamshwa kinatengeneza mikondo yake midogo ya umeme na kurudisha nguvu yake, nayo inapungua tena kwa mchemraba ikirudi juu. Kwa hiyo kwa kitu kidogo kama sarafu ishara inaanguka kwa umbali kipeo cha sita. Ukizidisha kina mara mbili ishara haiwi nusu, inakuwa moja ya 64. Kwa hesabu hiyo hata ukiipa mashine masikio makali mara mbili unapata sentimita chache tu za ziada, na kwenye udongo wenye madini na laini ya umeme jirani, kelele nayo umeipandisha palepale, ile sentimita uliyoipata imefunikwa. Nikimwambia hivi alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima tu, haamini. Hesabu haimbadilishi mtu anayetaka kina.

Kilichombadilisha ni vijiti.

Tulikubaliana siku hiyo hachimbi. Anapepea, akikuta mlio anaoutilia shaka anachomeka kijiti pembeni, anaendelea. Mwisho wa kipande tukawa na vijiti kadhaa, na kila kijiti ni mtihani ambao haujaharibiwa, kwa sababu kitu ukishakichimba umeshapata jibu na huwezi tena kukiuliza swali lingine. Watu wanafanya majaribio kwa sarafu waliyoizika wao wenyewe bustanini, sio mbaya, lakini sarafu iliyozikwa juzi haijakaa na udongo, udongo umetifuliwa, na hakuna msumari ulioamua kulala juu yake kwa bahati mbaya. Mlio wa kweli ambao haujachimbwa ndo mwalimu, na watu wanamchimba mwalimu kabla hajafundisha.

Kijiti cha kwanza, mlio ulikuwa unakatika, namba 21, 24, halafu hasi, halafu 22. Kwenye Equinox kuanzia -9 mpaka 0 ni upande wa chuma, 1 mpaka 40 ni metali nyingine. Akaweka sensitiviti 25: ukazidi kukatika, na pembeni yake kukazuka vijimlio ambavyo mwanzo havikuwepo. Akashusha 18: vijimlio vikafa, mlio wenyewe ukabaki. Dhaifu kidogo, lakini umekaa sehemu moja. Akashusha zaidi mpaka 14, ukapotea. Hapo akanyamaza, akarudia mwenyewe, 25, 18, 14, 18. Halafu tukaacha sensitiviti 18 tukahamia rikavari. Kwenye 2 ilikuwa sauti moja ndefu yenye mikwaruzo, kwenye 5 ikaanza kugawanyika, kwenye 7 zikatoka sauti mbili kabisa, mguno mfupi wa chuma halafu mlio mfupi wa juu, vimeachana upana wa kiganja hivi. Kumbe ni vitu viwili vimelala jirani.

Hiyo ndo kazi ya rikavari, ni muda ambao mashine inatumia kumaliza kujibu kitu kimoja ndo iwe tayari kwa kingine. Ikiwa chini inakusanya muda mrefu zaidi juu ya kila kitu, ndo maana mtu wa shamba safi lisilo na takataka anaipenda, inamsaidia vitu vya chini. Kwenye mahame ya misumari kitu kizuri kinamezwa na msumari wa jirani kabla hakijapata nafasi ya kujibu. Na inaendana na mkono, ukiweka 2 halafu unapepea haraka kama mtu anayefyeka majani umepoteza pande zote mbili, na yeye alikuwa anapepea haraka kwa sababu alikuwa na hasira.

Kijiti cha pili ndo kilichokuwa kinamdanganya kila siku. Mlio wa juu mzuri, namba 35 mpaka 38, mtu yeyote angekimbilia jembe. Ukizunguka nyuzi 90 ukapepea kwa kukatiza, mlio wa juu unapotea unabaki mguno, ukirudi upande wa kwanza umerudi. Halafu ukiweka pinpointi, ile ya kuonyesha kitu kimelala wapi hasa, katikati ya kitu panaangukia pembeni ya pale ulipousikia ule mlio mzuri. Hizo mbili zikija pamoja karibu kila mara ni chuma, msumari uliojikunja au bati la chuma lenye kutu, ambalo umbo lake linaizungusha hesabu ya mashine mpaka namba inatokea upande wa juu kabisa. Hapo ndo aironi bayasi ikaeleweka. Kwa 0 mashine inakubali kila mlio wenye chembe ya uzuri, kwa hiyo msumari uliojikunja unaitwa fedha. Tukaipandisha kidogokidogo, na mbele kidogo kijiti cha pili kikawa mguno mtupu. Safi. Lakini tukarudi kijiti cha kwanza na bayasi ileile iliyopanda, na ule mlio mfupi wa juu jirani ya msumari nao ukaanza kumezwa.

Hapo alikaa chini kabisa. "Sasa kaka niweke ngapi?"

Swali halina namba, na mtu akikupa namba muulize vizuri kwanza. Kwenye hii mashine peke yake, baada ya sasisho la programu kuna bayasi za aina mbili, FE ya zamani na F2, na vipimo vyake haviko sawa, kwa hiyo mtu anayekuambia "weka namba fulani" bila kusema ni ipi hajakuambia kitu. Equinox 600, mdogo wake, nayo bayasi yake inaishia 3 na rikavari yake inaishia 3, wakati 800 inakwenda 9 na 8. Halafu bayasi ni ya kununua na kuuza: ukishusha unachimba misumari mingi ili usikose sarafu iliyojificha, ukipandisha unapumzika mgongo ila kuna sarafu unaziacha. Ni uamuzi wa mtu na shamba lake na muda alionao. Mi kwa mahame yale ningeiweka chini kidogo ya ile iliyonyamazisha kijiti cha pili, halafu kazi ya kukamata misumari iliyojikunja niipe ile nyuzi 90, maana mguu hauongopi kirahisi kama namba. Yeye aliamua kuanza juu zaidi ya hapo, kwa sababu alikuwa amechoka mashimo, nikaona ni sawa tu.

Kijiti cha tatu sitakichelewesha, kilikuwa foili, karatasi nyembamba ya alumini, namba ndogo, haikujali setingi yoyote. Kuna vitu setingi haziwezi kuvitofautisha, nitakuja huko.

Baadaye ndo tukachimba. Kijiti cha kwanza kilitoa msumari na sarafu ya shaba iliyokwanguka, vimelala kando kwa kando kama sauti zilivyosema. Cha pili kipande cha bati kimekunjwa. Alichofurahia zaidi ni kwamba alivitaja vyote kabla ya jembe kuingia.

Sasa kuhusu kwato ya farasi, ile ya kutochuja. Hapa nasimama upande wa wale wazoefu, ila sio kwa mtu wa wiki ya kwanza. Kusikia chuma chote ni taarifa, inakuonyesha mahame yalikuwa wapi hasa, misumari ikizidi ujue nyumba ilikuwa hapo, na mlio mzuri unaosikika katikati ya miguno una maana tofauti na mlio mzuri uliojitokeza kwenye ukimya. Ukichuja, msumari uliojikunja unakuja umevaa suti, husikii kile kiguno cha pembeni kinachomsaliti. Shida ni kwamba toni 50 pamoja na chuma chote ni mvua ya sauti, sikio linachoka ndani ya nusu saa halafu linaacha kusikia hata kizuri. Tulichofanya ni kupunguza toni ziwe mbili, moja ya chini kwa chuma, moja ya juu kwa kila kisicho chuma, na kwato akawa anaibonyeza tu akisimama juu ya kitu anachokitilia shaka. Akatulia. Namba akaanza kuziangalia mwishoni badala ya mwanzoni, na hilo peke yake lilimpunguzia kusimama kila hatua mbili kutazama skrini.

Modi nayo inahitaji maneno machache. Park 1 imeegemea zaidi vitu vikubwa na vinavyopitisha umeme vizuri, Park 2 na Field 2 zinavutia zaidi vitu vidogo na zina kasi zaidi, Beach ni za ufukweni penye chumvi, Gold kwenye 800 ni ya vipande vidogo vya dhahabu. Watu wanabadilisha modi kama chaneli za tivii, wakikosa kitu kwenye hii wanaruka ile, na kila wakiruka wanaingia kwenye balansi nyingine na setingi nyingine bila kujua, kwa sababu mashine inahifadhi vitu vingi kwa kila modi peke yake. Alibaki na modi moja mpaka akaijua sauti yake. Na ile batani ya pembeni ya kuhifadhi profaili ya mtumiaji tukaijaza: setingi za mahame ziko humo, anabonyeza mara moja akifika upande wa misumari, anabonyeza tena akitoka.

Upande wa laini ya umeme haukukubali kirahisi. Noizi kanseli ilisaidia kidogo, sensitiviti ilibidi ishuke mpaka 13 au 14, na hapo unajiuliza kama kuna faida. Kilichofanya kazi ni kuachana na kutuma masafa mengi ya mawimbi kwa pamoja na kwenda kwenye moja. Equinox 800 inaruhusu masafa kadhaa, kama kilohezi 5, 10, 15, 20 na 40, tukayapitia tukiwa tumesimama chini ya waya na koili imetulia, moja ikawa kimya kuliko nyingine kwa mbali. Sitaji ni ipi kwa sababu ya kwako itakuwa nyingine, inategemea kinachopita kwenye waya na kilichowashwa jirani siku hiyo. Kwa masafa moja unapoteza kitu, namba haziko thabiti sana kwenye udongo wenye madini na vitu vya aina fulani vinasikika kidogo kuliko vingine, lakini sensitiviti ikarudi 18, na mashine inayosikia vitu vya aina moja vizuri ni bora kuliko inayosikia vyote ndani ya kelele.

Kitu kimoja ambacho sio setingi lakini kiliibadilisha kazi kuliko setingi yoyote pale kwenye mahame ni koili ndogo. Inayokuja na mashine ni ya inchi 11, kwenye misumari iliyojaa inakuwa inakanyaga vitu vinne kwa mpigo, hakuna rikavari ya kuokoa hilo. Ya inchi 6 ikapita katikati ya misumari. Kina kinapungua, ndiyo, lakini kwenye mahame vitu havikuwa vimekimbilia chini, vilikuwa vimejificha nyuma ya chuma. Kama mtu ana bajeti ya kuongeza kitu kimoja, na eneo lake ni la takataka, naona aanze na koili ndogo kabla ya kuota mashine nyingine.

Yale yasiyotatulika sasa. Foili, vipete vya kufungulia makopo, na vizibo vya chupa. Namba inayotoka kwenye skrini inatokana na jinsi mikondo inavyochelewa ndani ya kitu, na hiyo inaathiriwa na aina ya metali pamoja na ukubwa, unene na umbo. Pete nyembamba ya dhahabu inaweza kukaa palepale foili inapokaa, nene kidogo inaenda kukaa na vipete vya makopo. Mtu akizima namba hizo ili asisumbuliwe, amezima na pete. Jamaa alitaka kuzima, akaniuliza, nikamwambia kwenye shamba lile la zamani sioni kosa kubwa kuziacha wazi kwa sababu makopo ni machache, ila akienda sehemu watu wanapopumzikia ajue anachokizima. Vizibo vya chuma ndo wakorofi zaidi, duara lao linaifanya mashine iwape namba nzuri ya sarafu, nyuzi 90 haisaidii sana kwa kitu cha duara, bayasi inasaidia kiasi. Yeye ana ujanja wake, anainua koili taratibu juu ya kitu na kuiburuta hadi ukingoni, anasema kizibo kinaanza kukwaruza kwenye ukingo na sarafu inafifia bila kukwaruza. Nimejaribu, mara nyingi anapatia.

Mara ya mwisho tulipokuwa wote aliwasha, akaweka simu kwenye begi, akasaka chaneli, akapandisha na kushusha koili mpaka namba ikatulia, akapepea kipande kidogo kusikiliza, ndo akaanza kuipandisha sensitiviti namba mojamoja. Ikafika 21 ikaanza kutapika vijimlio, akairudisha 20, akaendelea na safari. Bado hajanikubalia kuhusu bayasi, anaiweka juu kuliko ninavyotaka mimi, na kile kipande cha karibu na msingi wa nyumba kubwa tunakirudia kila mtu na setingi yake, mmoja anachomeka vijiti, mwingine anapita nyuma kuvisikiliza.